Kozi ya laini za stima Mombasa: nilichokipata na kilichokosekana

Vijana kadhaa wa mtaani wamekua wakiniuliza ile kozi ya laini za stima niliyofanya upande wa Changamwe kama inafaa kulipiwa ama ni pesa kwenda bure, sasa badala ya kurudia maneno yale yale kila nikikaa maskani nimeamua niyaandike yote mahali pamoja. Jina la chuo sitaji, manake kuna mambo nitayalalamikia na sina ugomvi na mtu, lakini ukisoma mpaka mwisho utajua cha kuangalia hata ukienda kwengine.

Kwa kifupi inafaa, tena sana. Si kwa ajili ya cheti, vyeti viko vingi sku hizi. Inafaa kwa sababu pale hawakuanzii na kuunganisha, wanakuanzia na kutouamini waya. Waya unaweza kua umeanguka chini, umekatika, umekaa kimya, bosi amekupigia simu akakwambia "stima imezimwa, panda," na bado huo waya ni laivu mpaka wewe mwenyewe uupime na uufunge athi, yaani uuunganishe na ardhi, ukiona kwa macho yako. Hicho ndo kitu nilichokilipia na nimekipata, na kila siku nikiwa kazini nakitumia.

Mimi kabla ya hapo nilikua msaidizi wa fundi, tunafanya wairingi za nyumba Kisauni mpaka Bamburi. Kazi ya nyumba ina raha yake, meni suichi iko pale ukutani, ukiwa na wasiwasi unaishusha mwenyewe na unaiona imeshuka. Kwenye laini hakuna kitu kama hicho. Uko juu ya nguzo, mahali pa kuzimia pako mbali huko, pameshikwa na mtu usiemuona, na waya ulio mbele yako hauna rangi wala sauti ya kukwambia uko vipi. Na volti zenyewe si 240 za soketi peke yake, kuna 415 za fezi tatu, juu yake kuna 11,000, alafu 33,000, na zile laini kubwa za minara zinazoshukia Rabai ni habari nyengine kabisa, hizo kozi hii haizigusi.

Mwanzo ni darasani, na wengi walikua wananung'unika ati tumekuja kupanda nguzo si kuandika, lakini mimi naona ile sehemu ya stima na mwili wa mtu ndo iliyotuweka sawa. Mwalimu wetu ni mtu mzima aliekula chumvi nyingi kwenye kazi ya laini, sote tulikua tunamwita Mzee tu. Alituandikia ubaoni: milliamp 1, yaani amp moja ukiigawa mara elfu, ndo unaanza kuskia mchonyoto. Ikifika kama 10 mkono unajifunga wenyewe, ulichokishika huwezi kukiachia hata ukitaka vipi, misuli haikuskizi tena. Ikipanda 50 kwenda 100 moyo unaweza kupoteza mdundo, unatetemeka tu bila kusukuma damu. Ndo maana ile bereka ya kinga inayowekwa majumbani, inayokata stima ikivuja, imepangwa ikate kwenye milliamp 30. Kisha akapiga hesabu mbele yetu, ngozi kavu inazuia stima vizuri lakini ikilowa upinzani wake unaweza kushuka mpaka ohm 1,000 hivi, sasa chukua volti 240 ugawanye kwa ohm 1,000, ni amp 0.24, yaani milliamp 240, na hiyo ni soketi ya kawaida ya nyumbani. Akageuka akatuangalia, saa sita mchana, mwezi wa pili, upepo hakuna, kila mtu shati limemganda mgongoni, akasema, "Wanangu, hapa Mombasa ngozi kavu mumeiona wapi?" Hapo hakuna alieuliza tena kwa nini tunavalishwa glavu na joto lote hili.

Na kwenye glavu chuo hiki wanastahili sifa zao kamili. Mimi nilikua najua glavu ni glavu, kumbe zina madaraja. Daraja 0 ni ya kazi ya mpaka volti 1,000, daraja 2 ni mpaka 17,000, hiyo ndo inafaa kwenye laini ya volti 11,000, na daraja 4 inafika 36,000. Namba imepigwa muhuri kwenye mdomo wa glavu pamoja na tarehe ya kupimwa, na zile za volti kubwa zinatakiwa zirudishwe kupimwa kila miezi 6 hata kama bado zinaonekana mpya. Juu ya glavu ya mpira lazima uvae ya ngozi, manake mpira unakinga stima lakini haukingi ncha ya waya, na tundu dogo la ncha ya waya linatosha kukumaliza.

Kila asubuhi kabla hujagusa chochote unaipima kwa pumzi. Unashika mdomo wa glavu, unauviringisha haraka kuelekea kwenye vidole ili hewa ibanwe ndani, vidole vinavimba, alafu unaisogeza karibu na shavu na unaibonya taratibu huku unaizungusha. Shavu linaskia upepo mdogo ambao sikio halitauskia, hasa pale yadi kwetu ambapo upepo wa bahari hautulii. Kisha unaupinda mpira kwa vidole uangalie kati ya kidole na kidole, hapo ndo mipasuko midogo ya jua huanzia, inaonekana kama mistari ya unywele. Mpira hauvumilii jua, mafuta wala grisi. Kwa hivo haukunjwi, hauachwi kwenye dashibodi ya pikapu, na hauwekwi mfuko mmoja na spana. Pale chuoni kila jozi ina mfuko wake umening'inizwa kwenye kivuli, na ukiikuta glavu ya mtu imetupwa kwenye boksi la vyuma unaipeleka kwa Mzee na mwenyewe anaitwa. Ukienda kutazama chuo chochote kabla ya kulipa, omba kwanza uonyeshwe glavu zinawekwa wapi, alafu soma tarehe zake.

Kasoro ipo, na ni kubwa kwa sisi wenye mikono midogo: glavu zote za volti kubwa zilikua saizi moja, kubwa. Vidole vinabaki vitupu mbele, ukishika nati unashika mpira, ukibana plaizi unabana mpira. Wanawake kwenye kundi letu waliteseka zaidi. Tulilalamika, tukaambiwa nyengine zinakuja, mpaka tunamaliza hazikuja. Kwa chuo kinachotoza ada ile sioni sababu, manake glavu isiyokukaa mkononi inamfanya mtu atamani kuivua, na akiivua mara moja tu ndo hiyo hiyo.

Sasa kupima. Hapa ndo roho ya kozi yenyewe. Utaratibu ni huu: testa yako unaijaribu kwanza mahali unapojua pana stima, ukaona inawaka, ndo unaenda kupima pale unapotaka kufanyia kazi, ukishapima unarudi tena pale penye stima kuhakikisha testa bado nzima. Hatua tatu. Nilikua naona ile ya tatu ni kupoteza wakati, hadi siku tuliyofanya zoezi kwenye ubao wa fezi tatu. Dada mmoja wa Mtwapa alikua zamu yake, akaijaribu testa ya miguu miwili kwenye soketi, ikawaka vizuri, akaenda kwenye ubao, akagusa fezi na nyutro, fezi na athi, fezi kwa fezi, zote hakuna taa. Wengine tukaanza kusogea na bisibisi. Yeye akarudi kwenye soketi kama alivyofundishwa, akagusa, na pale pia hakuna taa. Akakaa anaiangalia testa. Mzee akaja akaishika, akaukunja waya wa testa pale shingoni unapoingilia kwenye mpini, taa ikawaka, akaunyoosha, ikazima. Waya umekatika ndani, kwa nje huoni kitu. Na ule ubao tuliokua tunausogelea ulikua laivu muda wote, nyuma ya bereka iliyokua mikononi mwa Mzee. Baadae tukajua testa ile huwekwa makusudi kwa kila kundi. Huo ni ualimu, bwana. Ningeweza kukisoma kitu hicho kitabuni mara mia na nisingekishika kama nilivyokishika pale.

Zile testa za kalamu zinazolia bila kugusa waya, ambazo kila fundi mtaani anazo mfukoni, pale wanakuruhusu uzitumie kujua penye stima tu, kamwe si kuthibitisha kwamba hapana. Betri ikichoka inakaa kimya, waya ukiwa umefunikwa na chuma inakaa kimya, na wewe ule ukimya unauchukulia kua ni usalama. Na mita yoyote utakayonunua iangalie maandishi ya CAT pembeni, hayo ni daraja la mshtuko wa stima ambao mita inaweza kuuhimili, kwa kazi ya nje, kwenye laini inayoingia nyumba mpaka mita ya stima, tafuta CAT IV, kwa sababu huko nje ndiko mshtuko wa radi na shoti unakuja na nguvu zote, na mita ya bei rahisi inaweza kupasukia mkononi.

Ukishathibitisha hapana stima bado hujamaliza, unafunga athi. Hii ilinifungua akili sana. Wengi tulidhani athi ni ya kumaliza stima iliyobaki basi, kumbe kazi yake kubwa ni ya baadae, ukiwa uko juu unafanya kazi na mtu huko mbali akakosea akawasha, stima ikute njia fupi ya kuingia ardhini kabla haijafika kwako na fyuzi zikate. Mpangilio wake hauna mjadala: unaanza kuufunga upande wa ardhi, ndo unapeleka upande wa waya kwa fimbo ndefu ya fayabaglasi, si kwa mkono. Wakati wa kutoa unageuza, waya kwanza, ardhi mwisho. Tulirudia zoezi hilo mpaka mtu anaota.

Na kuwashiwa kwa makosa si hadithi. Mzee alituchorea transfoma ya mtaani, ile inayochukua 11,000 na kutoa 415. Akauliza, je ukiisukumia stima upande wa chini itafanyaje? Transfoma haijui juu wala chini, inabadilisha tu. Sasa fikiria Nyali ama Bamburi, stima imepotea, mwenye duka ana jenereta yake ndogo amechomeka soketini kwa waya wenye vichwa viwili vya dume, na meni suichi hakuishusha. Ile 240 yake inatoka nje, inarudi kwenye transfoma kinyumenyume, na huku juu, kwenye waya ambao ofisini umeandikwa umezimwa, kuna volti maelfu na kijana kaushika. Ukiwa na jenereta nyumbani nakuomba kwa dhati weka chenjiova suichi, ile inayochagua stima ya laini ama ya jenereta, zisikutane, mwite fundi mwenye leseni akufungie, hata kama wewe kazi ya laini haikuhusu kabisa. Sola zenye inveta pia zinataka uangalifu huo huo, na sku hizi ziko kila paa.

Tuje kwenye vifaa. Kozi inakuja na sanduku la vifaa la kuazima, na kusema kweli vilikua vizuri kuliko nilivyotegemea. Plaizi, kata waya na bisibisi zote zilikua na ile alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V. Alama hiyo maana yake kifaa kimepimwa kiwandani kwa volti 10,000 ili wewe ukitumie mpaka 1,000. Ule mpira wa rangi nyekundu ama njano kwenye plaizi za kawaida ni wa kushikia tu, usiteleze, haukukingi na kitu. Na huko madukani mjini ukizunguka Mwembe Tayari zote zinafanana kwa mbali, ndo maana inabidi uishike mkononi uitafute hiyo alama, uangalie kama imechapwa kwenye mpini wenyewe ama ni stika tu ya kubandika, na bei ikiwa rahisi kupita kiasi jiulize kwa nini. Mpini ukipasuka ama ukichubuka plaizi hiyo imetoka kwenye kazi ya stima, usiifunge selotepu ukaendelea, ipeleke ikafanye kazi ya kukunja nondo.

Kitu kilichonipendeza kupita vyote ni ile konekta ya kutoboa, inayotumika kuunganisha nyumba kwenye nyaya zile nyeusi zilizosokotwa pamoja. Haumenyi waya hata kidogo. Unaipachika, meno yake yanatoboa plastiki mpaka yafike kwenye aluminiamu, na juu ina nati yenye vichwa viwili. Unakaza kwa spana kichwa cha juu, unakaza, unakaza, inakua ngumu, alafu ghafla kichwa kinakatika na kukubakia kwenye spana. Ndo kimefika. Wametengeneza kikatike kwenye nguvu kamili inayotakiwa, si chini si juu, kile cha chini kinabaki kwa ajili ya kufungulia siku nyengine. Mwenzetu mmoja mwenye misuli akawa anataka kuongeza mzunguko kwenye kichwa cha chini ati ishike zaidi. Mzee akamzuia mkono, akamwambia ukiongeza meno yatakata nyuzi za waya na miezi michache baadae waya utadondoka kwenye paa la mtu.

Pia walitufundisha kitu ambacho kwa mtu wa pwani ni lazima: kopa na aluminiamu zisigusane ovyo. Zikikutana na unyevu wa chumvi aluminiamu inaliwa, inatoka unga mweupe, maungio yanalegea, yanapata joto, taa za nyumba zinaanza kucheza na mwisho maungio yanaungua. Unatumia kiungo chenye metali zote mbili, unasugua waya kwa brashi ya chuma, unapaka ile grisi yake maalum kabla ya kubana. Nyumba nyingi za karibu na bahari taa zinacheza kwa sababu hii, na watu wanalaumu balbu. Chumvi hiyo hiyo inakaa kwenye vile vikombe vya kaure vinavyoshika waya juu, kiangazi inarundikana miezi, ikija manyunyu ya kwanza ama umande wa usiku inalowa na kuanza kupitisha stima, unaskia chini ya nguzo kama kitu kinakaanga. Mvua kubwa ya masika ndo inavisafisha. Haya mambo ukisomea chuo cha bara sidhani utayaskia kwa kirefu hivi, na ndo sababu nyengine ya mimi kuipendekeza kozi ya hapa hapa.

Kupanda nguzo ndo kila mtu alikua anakungoja, na nitasema wazi walikua wakali inavyostahili. Kabla ya kupanda nguzo ya mti unaigonga kwa nyundo kuzunguka pande zote kutoka chini mpaka unapofika, mti mzima unatoa sauti kali iliyokaza, uliooza ndani unatoa sauti ya butu. Kisha unachimba kidogo kwenye shina unachokoa kwa bisibisi, kwa sababu mti huoza pale unapoingilia ardhini na chini yake kidogo, na mchwa wetu nao wanaanzia hapo hapo. Unaangalia waya wa kuvutia upande wa pili, manake nguzo mbovu inaweza kua inashikiliwa na nyaya tu, ukikata waya mmoja inakuja na wewe. Mkanda unafungwa tangu chini, haufunguliwi ukifika juu. Hakuna kupanda na kifaa mkononi wala kurushiana, vitu vinapanda kwa ndoo na kamba. Saa, pete, mkufu, vyote vinabaki chini. Ngazi ni ya fayabaglasi ama mbao, ya aluminiamu hairuhusiwi hata kuingia yadi, na inasimama kwa kipimo cha moja kwa nne, yaani ikifika juu mita 4 mguu wake unakaa mita 1 kutoka ukutani.

Waya ukiwa umeanguka chini: hata usiusogelee. Ardhi yenyewe kuzunguka pale ina volti, nyingi karibu na waya na inapungua ukienda mbali, kwa hivo mguu mmoja unaweza kua kwenye volti nyingi na mwengine kwenye kidogo, stima inapanda mguu huu inashukia ule. Kaa mbali mita 10 hivi, zuia watu, piga simu. Ukijikuta uko ndani tayari toka kwa kuburura miguu iliyobanana, usipige hatua ndefu. Zoezi hili walifanya na watoto wa jirani wanaochungulia kwenye uzio wakaitwa nao wafundishwe, jambo ambalo nililipenda sana.

Sasa lawama yangu kubwa, na hii nataka wahusika waichukulie kwa uzito. Uokoaji. Mtu akishikwa na stima juu ya nguzo hawezi kungoja gari la wagonjwa lipite msongamano wa Makupa. Moyo uliosimama unataka kukandwa ndani ya dakika chache sana, na juu ya nguzo huwezi kumkanda mtu vya maana, lazima ashushwe. Kwa hivo wenzake walio chini wanatakiwa wawe na ujuzi wa kuhakikisha stima imekatika, kupanda, kumfunga kamba chini ya makwapa, kuipitisha kamba juu ya ule ubao wa kukingama, kumkatia mkanda na kumteremsha, kisha kumkanda kifua mara 30 na pumzi 2, kwa mwendo wa 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Haya yote tumeambiwa na kuonyeshwa. Lakini kufanya wenyewe, na sanamu wa mchanga anaewekwa badala ya mtu, ilikua mchana mmoja tu, na kundi ni kubwa, kuna wenzangu waliomaliza kozi bila kumshusha mtu hata mara moja. Kukanda kifua tulipata nafasi ya kutosha, kushusha hapana. Kozi inayotumia muda mwingi vile kwenye glavu na testa, iweje ikimbie hapo? Ukijiunga, dai zamu yako. Simama mbele, usione haya.

Lawama ndogo ni makaratasi. Notisi zote ziko kwa Kiingereza kizito, vijana waliotoka moja kwa moja kwenye vibarua walikua wanakwama, na ni Mzee alieokoa kwa kueleza kila kitu kwa Kiswahili mpaka kieleweke. Mitihani nayo kwa Kiingereza. Usalama wa mtu usifungwe kwenye lugha, waandike zote mbili. Cheti pia kilichelewa kutoka, ukifuatilia unaambiwa rudi wiki ijayo.

Kuhusu ada, si ndogo, ila inalipwa kwa awamu na hawakukutoi darasani ukichelewa kidogo ukienda kuzungumza nao. Jueni tu kwamba kozi hii haikupi leseni. Leseni za mafundi wa stima zinatolewa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, zina madaraja kuanzia C2 mpaka A1, na majaribio ya ufundi ya daraja la III hadi la I ni ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Kozi inakuandaa mikono na akili, makaratasi mengine utayafuata mwenyewe. Na mukishaajiriwa na kontrakta kumbukeni sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, si wewe ununue, na kuna sheria nyengine ya mwaka huo huo ya fidia ukiumia kazini. Ulizia mambo hayo siku ya kwanza, kabla ya kuulizia mshahara.

Mimi naipa nyota nne kwa tano, ile ya tano ni ya zoezi la kushusha, wakiliongeza naiweka kwa furaha.

Mtu anaetaka kujiunga aende na nguo za pamba za mikono mirefu, si poliesta, manake ikitokea cheche kubwa poliesta inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Anunue glavu nyepesi za pamba za kuvaa ndani ya zile za mpira zinyonye jasho, na awe na jozi mbili, moja ikilowa avae nyengine. Buti zisiwe na chuma kilichojitokeza nje. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani. Na wanaotoka Likoni wavuke na feri ya mapema, kwa sababu zoezi la kupanda likishaanza lango la yadi linafungwa, na ukichelewa unabaki nje ya kamba unaangalia wenzio mpaka saa sita.